Lori la Tarehe Tano

Jumatatu, 24/2

Nimepewa! Nimepewa tarehe!

Mtu akiufungua ukurasa huu atadhani nimechumbiwa. Wapi! Ni kazi. Leo asubuhi Bosi ametukusanya kwenye chumba cha mikutano, ambacho ndicho hichohicho cha kuchemshia chai, akasimama mbele ya birika akagawa majukumu kama mama anayegawa minofu. Programu yetu imechaguliwa kuendesha biashara ya vifaranga kati ya kituo kimoja cha kutotolesha cha hapa kwetu na mnunuzi mkubwa aliye ng'ambo ya mpaka. Masika yote ni majaribio. Mmoja wetu kapewa malipo, mwingine kapewa ghala, mimi tarehe.

"Tarehe tu?" Neno lilishanitoka.

"Tarehe tu," Bosi akasema. "Huku tunaanza na siku, kule kwa mnunuzi wanaanza na mwezi. Kifaranga hayajui hayo. Siku yake ikifika anavunja ganda, na lori lisipokuwepo anakufa."

Hapo nywele zikanisimama. Kumbe nimepewa kazi kubwa kuliko wote! Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi kama mtoto wa chekechea. Mama akaniuliza mbona nacheka peke yangu, nikamweleza habari yote mpaka mwisho.

"Tarehe?" akasema. "Tarehe si ile pale ukutani?"

Nikaangalia. Kalenda ya mwaka juzi.

Daftari hili nimelinunua njiani kwa furaha tu. Nitaliandika masika yote, siku mbele, mwezi nyuma, kama nilivyofundishwa.

Jumatano, 26/2

Nimegombana na Profesa. Huyu si profesa wa kitu chochote. Ni fundi wetu wa programu, meza yake imepakana na yangu, na jina tulimpa kwa sababu hawezi kukuonyesha choo kilipo bila utangulizi. Anataka watu wote, huku na kule, waandike tarehe kwa kiwango kimoja cha dunia: mwaka, mwezi, siku.

"Kiwango kipo, dada. Kilishaamuliwa zamani. Mkubwa kwanza, mdogo mwisho, hakuna wa kukosea."

Nikamwambia watu si makabati ya kupangwa hivyo. Mtu aione tarehe kama alivyozoea kuisoma, wa huku siku mbele, wa kule mwezi mbele, na programu ijue yenyewe kugeuza. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

"Ndege sawa," akasema. "Tarehe hapana."

Tukapelekana kwa Bosi. Bosi katusikiliza huku anapiga mihuri barua zake, kisha akatoa hukumu: ndani ya programu tarehe ihifadhiwe anavyotaka Profesa, nje kwenye skrini ionekane ninavyotaka mimi. Nimeshinda! Profesa naye anatembea ofisini akisema kashinda yeye. Acha ajifariji.

Ijumaa, 28/2

Mvua kutwa. Kikombe changu kimevunjika. Tarehe zinakwenda vizuri.

Jumatatu, 3/3

Nimemwona Mama Vifaranga! Ndivyo anavyoitwa mwenye kituo, na watu wote wanamwita hivyo, hata benki. Mfupi, mpana, buti za mpira, na sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Katupokea mimi na Profesa getini, akatutia miguu kwenye beseni la dawa kabla hata ya salamu, akatuingiza kwenye chumba cha mashine za kutotolesha. Joto lake! Miwani ya Profesa ilifunga ukungu akawa anatembea kwa kupapasa. Trei za mayai zimepangwa hadi darini, na kila baada ya muda zinajiinamisha zenyewe taratibu, zote kwa pamoja. Nilisisimka. Nilisimama pale mdomo wazi.

"Siku ishirini na moja, mwanangu," Mama Vifaranga akaniambia. "Uwe tajiri, uwe waziri, ishirini na moja. Na akishatoka, anaishi na kile kiini alichotoka nacho tumboni kama siku tatu hivi bila kula. Ndiyo nafasi yangu ya kumfikisha kwa mwenyewe."

Akatutoa nyuma kutuonyesha shimo. Refu, pana, limechimbwa vizuri kwa mstari, na mvua imeshaanza kulijaza maji.

"Huu ni msingi wa jumba la pili. Mnunuzi kanipa shehena tatu za majaribio. Zote tatu zikikuta lori, tunasaini mkataba wa miaka mitano na hapa napandisha ukuta. Moja ikiharibika, anakwenda kununua kwingine, nami nabaki na bwawa la bata."

Kacheka kwa nguvu. Lakini nilimwona alivyolitazama lile shimo baada ya kicheko kwisha.

Ofisini kwake, juu ya kompyuta, palikuwa na kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu nene: KOMPYUTA HII INATAKA MWEZI KWANZA. Ile programu ya zamani ilitengenezwa mbali, kwa watu wa mwezi mbele, na haikumjali mtu. Basi miaka minane hawa watu mdomoni wanasema siku, vidoleni wanaandika mwezi! Nilikibandua kile kiboksi kwa mbwembwe zote, nikakikunja mbele ya wafanyakazi.

"Mama, kuanzia leo kompyuta ni ya kwenu. Siku mbele, mwezi nyuma, kama mnavyoongea."

Wakapiga makofi. Mama Vifaranga akasema jambo moja tu: "Tarehe ya lori simwachii mtu. Hiyo naandika kwa mkono wangu."

Ijumaa, 7/3

Mayai ya kwanza yameingia mashineni! Yanatoka tarehe 28. Mama Vifaranga kanipigia: "Binti yangu, programu yako imenikatalia tarehe ya lori."

"Jaribu tena, mama."

Nikamsikia anabonyeza na kunung'unika. "Haya, imekubali. Ilikuwa na aibu kidogo."

Tukacheka. Ng'ambo, kwa mnunuzi, tarehe imejitokeza mwezi mbele, sawasawa na desturi yao, na lori limepangwa. Programu yangu inasema lugha mbili! Nimemwonyesha Profesa. Kasema, "Mm." Kwa Profesa, mm ni hotuba ya pongezi.

Jumapili, 16/3

Mvua. Nimefua, hakuna kilichokauka.

Ijumaa, 28/3

Lori limefika! Mimi na Profesa tulikwenda kushuhudia. Vifaranga wamepangwa kwenye maboksi yenye matundu, na kelele zao zinasikika kuanzia barabarani. Dereva wa mnunuzi kashuka, karudisha lori kinyumenyume mpaka mlangoni, kapakia, kaondoka. Basi. Jambo dogo hivyo, na mimi machozi yalinilengalenga.

Profesa naye hakukubali siku ipite bure. Kamwekea Mama Vifaranga skrini yake ya majaribio, ile ya mwaka kwanza.

"Mama, hebu soma hapa."

Mama Vifaranga kasogeza uso, kaurudisha nyuma. "Mwaka nimeuona. Hizi mbili zilizobaki, ipi siku, ipi mwezi?"

Nilicheka njia nzima. Profesa kaangalia dirishani mpaka mjini.

Jumanne, 1/4

Mayai ya shehena ya pili yameingia, yanatoka tarehe 22. Programu imemkatalia Mama Vifaranga mara ya kwanza, imekubali ya pili. Profesa anasema ni mtandao, mvua inausumbua. Nami nasema ni mtandao.

Jumatano, 9/4

Shimo la Mama Vifaranga limejaa nusu. Kaniambia kwenye simu kwamba bata wameshaanza kulipeleleza.

Jumanne, 15/4

Leo imekubali papo hapo!

Mayai ya shehena ya tatu, ya mwisho, yameingia asubuhi. Yanatoka tarehe sita mwezi wa tano. Mama Vifaranga kapiga simu anapiga vigelegele: "Mwanangu, leo haikunizungusha! Nimeandika mara moja, imemeza!"

Nikasimama kwenye kiti nikawatangazia wenzangu. Bosi kaleta soda. Profesa kasema anashuku mtandao umetengemaa, nikamwambia si mtandao, ni mkono wangu. Nimekunywa soda mbili. Jamani, kazi tamu hii!

Jumanne, 22/4

Shehena ya pili imekwenda salama. Imebaki moja! Bosi kanong'ona kwamba ikipita, wanunuzi wa nchi mbili nyingine wanatusubiri, na kitengo chao atanikabidhi mimi. Mimi! Nimemweleza Mama. Kaniuliza kama nitapewa meza ya dirishani. Sijui, lakini nitaidai.

Jumapili, 4 Mei

Kuanzia leo mwezi nauandika kwa jina. Nitaeleza kwa nini.

Asubuhi nilimpigia Mama Vifaranga kumjulia hali tu. Keshokutwa vifaranga wanatoka, nilitaka nisikie furaha yake.

"Mayai yameshahamia kwenye trei za kutokea," akasema. "Ila dereva hajanipigia. Huwa anapiga siku mbili kabla."

"Labda mtandao," nikasema, huku nafungua programu. Nikatafuta lori la wiki hii. Hakuna. Nikatafuta la wiki ijayo. Hakuna. Nikashuka chini, nikashuka, nikalikuta. Tarehe tano mwezi wa sita.

Nikakaa sakafuni, palepale jikoni, Mama anakoroga uji ananitazama.

"Mama Vifaranga," nikasema, "tarehe ya lori uliandikaje?"

"Kama siku zote. Tano, halafu sita."

"Kwa nini tano mbele?"

"Si mwezi wa tano? Kompyuta si inataka mwezi..." Nikasikia mashine zile zinavuma nyuma yake. "Yarabi. Lile boksi uliliondoa."

"Niliondoa, mama."

"Vidole vyangu havikuambiwa."

Mazoea yana tabu, wahenga hawakukosea. Mara mbili za mwanzo aliandika hivyohivyo, mwezi kwanza. Lakini hakuna mwezi wa ishirini na nane, wala wa ishirini na mbili, kwa hiyo programu ikakataa, naye akageuza. Haikuwa mtandao wala mvua. Ilikuwa inatuonya, sisi tukacheka. Mara ya tatu ilikuwa sita na tano, na tarehe zote mbili zipo duniani. Ikameza. Mimi nikasimama kwenye kiti, nikanywa soda.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kwenye skrini yake Mama Vifaranga aliona tano na sita, akasoma tarehe sita Mei. Mnunuzi kwenye skrini yake aliona sita na tano, akasoma tarehe tano Juni. Kila mtu aliiona tarehe kama anavyoipenda, na hakuna aliyeshtuka. Ubawa wangu huo.

Nikampigia Profesa. Nilijiandaa kusikia "nilikwambia". Nilikuwa na jibu kali kabisa mdomoni. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Wangapi?"

"Elfu tano."

"Nakuja kwenu. Vaa viatu vya mvua."

Jumatatu, 5 Mei

Mnunuzi kajibu. Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaotisha. Malori yake yote yapo safarini hadi wiki ijayo. "Kosa si la vifaranga," kasema, "lakini kifaranga wa siku ya tatu asiyekula mimi simpokei. Wanatoka Jumanne. Mkiwafikisha getini kwangu Alhamisi, shehena nitaihesabu imefika. Ijumaa, tusisumbuane."

Mama Vifaranga alikuwa anasikiliza kwenye simu ileile. Hakupaza sauti. Kasema, "Tutafika Alhamisi," kama anayesema atakwenda sokoni. Mnunuzi alipokata, akaniuliza, "Kwa gari gani, mwanangu?"

Sijui kwa gari gani! Lori la vifaranga linataka hewa na rafu. Tumepiga simu mpaka masikio yamewaka. La samaki lina barafu. La mbao liko wazi, mvua itawaua. La magodoro halina tundu hata moja.

Bosi hakunigombeza. Kasema tu, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Endelea kupiga." Ningependa angenigombeza.

Jumanne, 6 Mei

Wanatoka! Jamani wanatoka! Mama Vifaranga katufungulia mlango tukachungulia: trei nzima inatikisika, maganda yanapasuka, vichwa vyenye maji vinajitokeza. Nilisahau shida yote kwa dakika nzima, nikamshika Profesa mkono, naye akaniachia nimshike. Halafu nikakumbuka hakuna lori.

Jumatano, 7 Mei

MIKATE!

Asubuhi nimesimama kibandani kwetu nanunua mkate, gari la mikate likaja. Rafu pande zote. Matundu ya hewa juu, ili mikate ya moto isitoe jasho. Nilimwacha muuza duka na hela yangu nikamkimbilia dereva.

"Kaka, gari hili unaweza kupakia vifaranga?"

Akanitazama tangu utosini hadi unyayoni. "Dada, umeamkaje?"

Nikamweleza yote nikiwa nimeshika kioo cha pembeni asije akaondoka. Alicheka kwanza. Kisha akauliza huyo mama ni nani. Nilipomtaja, akasema, "Yule wa buti? Kila siku namshushia mikate ya wafanyakazi. Ngoja nimpigie mwenye gari."

Mwenye gari kakubali kwa sharti moja, lirudi limeoshwa na kunukia mkate. Tunaondoka kesho alfajiri. Daraja la barabara kuu limezibwa na maji, tutazunguka kwa juu. Profesa kapitisha siku nzima anafunga vipimajoto kwenye rafu, anaongea navyo. Siku zote nilimwona mtu wa kanuni tu, asiyejua kwamba kuna binadamu upande wa pili wa skrini. Leo jioni nimemkuta amechuchumaa mbele ya boksi, anamsogezea kifaranga mmoja mnyonge wenzake wamkinge baridi. Akaniona, akajifanya anahesabu matundu.

Alhamisi, 8 Mei

Naandika nikiwa ng'ambo ya mpaka, nywele zangu zimejaa manyoya ya manjano, na sitaki kuoga.

Tumetoka giza halijaisha, Mama Vifaranga mbele na dereva, mimi na Profesa nyuma katikati ya maboksi. Nje mvua kama imefunguliwa bomba, ndani kelele za roho elfu tano. Joto likipanda tunafungua tundu, likishuka tunaziba. Profesa anasoma vipimo kwa sauti, mimi nafungua, mimi naziba. Barabara ya juu ni matope matupu. Mara mbili gari lilikwama, mara mbili Mama Vifaranga alishuka na buti zake akasukuma huku anatutukania mlima. Dereva wa mikate anaimba. Kila tukipita kijiji watoto wanakimbilia gari kudai mikate, wanasikia pi-pi-pi-pi, wanabaki wameduwaa.

Mpakani nilikuwa na hofu kuliko njia yote. Afisa kachukua cheti cha daktari wa mifugo. Nikachungulia begani kwake, na pale kwenye tarehe daktari alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mbaya: 8 Mei. Afisa wa nchi ya mwezi kwanza, cheti cha nchi ya siku kwanza. Kasoma mara moja, kagonga muhuri, kasema piteni.

Nikamgeukia Profesa. Profesa kashanigeukia.

"Jina," nikasema.

"Jina la mwezi," akasema. "Ndani namba zangu. Nje..."

"Nje jina! Na siku ya wiki mbele yake! Na ziandikwe siku zilizobaki!"

"Na programu iulize kabla ya kumeza."

"Iulize! Kwa nini hatukufanya hivi tangu mwanzo?"

"Tulikuwa tunashindana," Profesa akasema. Bila utangulizi.

Getini kwa mnunuzi tumefika jua la alasiri limechungulia kidogo. Mlinzi kafungua kitabu cha wageni, kaandika tarehe kwa desturi yao: 05/08. Mama Vifaranga kainama akasoma.

"Jamani! Njia ilikuwa mbaya, lakini hata kufika mwezi wa nane!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika geti, mpaka kicheko kikageuka kilio, buti zake zote matope, na mimi nikamkumbatia nikalia naye. Mlinzi maskini akawa anatafuta alichokosea.

Mnunuzi kaja mwenyewe. Kafungua boksi baada ya boksi, kanyanyua kifaranga huyu, kageuza yule, kaangalia macho, kaangalia miguu. Sisi tumesimama mstari mmoja kama wanafunzi waliochelewa. Mwisho kajipangusa mikono.

"Wazima. Shehena tatu, zote zimefika." Akavuta hewa kwa pua. "Mbona wananukia mkate?"

Sisi tulikuwa tunarukaruka. Alitungoja tumalize, kisha akamwambia Mama Vifaranga: "Mkataba nitautuma. Na lile lori lililopangwa kimakosa, la tarehe tano Juni, nalifuta."

Mimi nimeshafungua simu nilifute. Mama Vifaranga kaniwekea mkono juu ya kioo. Alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza.

"Usilifute," akasema. "Nikitia mayai Alhamisi ijayo, yanatoka lini?"

Profesa ndiye aliyemaliza kuhesabu kwanza. Kavua miwani. "Tarehe tano Juni."

Mnunuzi katutazama mmoja mmoja. "Basi lije," akasema.

Jumatatu, 12 Mei

Tumerudi. Gari la mikate tumeliosha mara tatu. Bado linanuka kuku.

Alhamisi, 15 Mei

Kisanduku kipya cha tarehe kwenye skrini kimekamilika jana, tumekijenga meza moja, kiti kwa kiti, tumegombana mara nne tu. Leo tumekipeleka kwa Mama Vifaranga. Mayai yameingia, akaketi, akanyoosha kidole, na mimi nikaona kile kidole kinaelekea wapi. Kaandika sita, halafu tano. Mwezi kwanza! Mazoea!

Programu haikumeza. Ikamwandikia: Jumanne, 6 Mei. Siku hii imeshapita. Unataka kuendelea?

"Hee!" akasema. "Inanijua."

Akageuza. Ikaandika: Alhamisi, 5 Juni. Siku 21 kuanzia leo. Ni sawa?

Mama Vifaranga kaisoma kwa sauti kubwa mpaka wafanyakazi wakaja mlangoni. Kisha akaijibu kwa mdomo, "Ni sawa, mwanangu," ndipo akabonyeza. Kule ng'ambo mnunuzi katuma ujumbe palepale: anaona 5 Juni, Alhamisi, siku 21.

Profesa kasema, "Mm."

Nikamwambia, "Mm."

Jumanne, 27 Mei

Meza ya dirishani nimepata. Profesa kahamia pembeni yake, anadai mwanga. Mvua inapungua.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefika kituoni mapema, na jambo la kwanza nililoliona ni shimo: halina maji. Mafundi wameyavuta yote, wanapanga mawe, na bata wanne wamesimama kando wanatazama kwa hasira. Vifaranga wametoka usiku. Maboksi yapo tayari mlangoni.

Mama Vifaranga kasimama getini na buti zake, hataki kukaa, hataki chai. Mimi pia sikai. Simu mkononi inasema lori liko njiani, naiangalia, siiamini, naiangalia tena. Profesa ananiambia nipumue. Yeye mwenyewe kashafuta miwani mara kumi, na leo hakuna hata ukungu.

Tulilisikia kabla ya kuliona. Likapinda kona, jeupe, kubwa, likaja taratibu likikwepa madimbwi ya mwisho ya masika. Dereva kashusha kioo.

"Habari za hapa? Sijachelewa?"

Mama Vifaranga kasogea. Kashika mlango wa lori kwa mikono miwili.

"Kijana, leo tarehe ngapi?"

Dereva kashangaa, katutazama sisi wengine, kaona wote tunamtazama, mpaka mafundi shimoni wameacha kugonga.

"Tano Juni, mama."

"Sema tena."

"Tano Juni."

"Haya," akasema, akafungua geti. "Rudisha kinyumenyume, wanakusubiri."